Ngoma Iishe, Malisho Yabaki Salama: Mwongozo kwa Mwenda Tamashani Simiyu

Pamba ikishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, Usukuma huanza kucheza. Kuanzia Juni hadi Septemba huwezi kukosa ngoma mahali fulani kati ya Bukundi na Bariadi. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana kuvuta watu, bugobogobo inachezwa kwa majembe, na vijana wa muziki wa kizazi kipya wanafika na maspika yao juu ya fuso. Mikusanyiko mingine ni ya kijiji kimoja tu. Mingine ni mikubwa, kama Simiyu Jambo Festival ya Bariadi iliyochanganya mbio za baiskeli na ngoma za asili, au Bulabo, inayofanyika Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kwa kawaida mwezi Juni.

Mwongozo huu ni wako wewe unayekwenda kutazama, kucheza au kuimba, na usingependa uwanja ubaki na madhara ukishaondoka. Mifano mingi nimeitoa upande wa Meatu, hasa kata ya Bukundi kusini mwa mkoa, kwa sababu kule ardhi ni kavu na kosa dogo la mgeni hukaa muda mrefu.

KWANZA, UJUE UWANJA NI WA NANI

Mjini uwanja wa tamasha una mlinzi, uzio na gari la taka. Kijijini uwanja wa ngoma ni malisho. Jumapili jioni unachezewa, Jumatatu asubuhi ng'ombe wanapita. Ukilishika hilo, maelekezo mengine yote yatakuwa rahisi kuyafuata.

Anza na ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe hachambui chakula kama mbuzi. Anazoa kwa ulimi na kumeza, na wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa haba, anameza hata kisicholiwa. Mfuko uliobeba chipsi au nyama una chumvi, na chumvi inamvuta. Plastiki ikiingia tumboni haisagiki wala haitoki. Inakaa katika tumbo la kwanza, inajikusanya mwaka baada ya mwaka hadi inakuwa donge, na mnyama anapoteza hamu ya kula, anakonda, tumbo linajaa gesi. Hakuna dawa ya kuiyeyusha. Daktari wa mifugo anaweza tu kumpasua na kuitoa. Wafugaji wengi hujua kilichomuua mnyama wao wakati wa kumchuna. Kwa familia ambayo ng'ombe ndiye ada ya shule, mahari na akiba ya mwaka wa njaa, mfuko ulioutupa wewe ni hasara kubwa kuliko kiingilio chochote ulicholipa.

La pili ni maji. Sehemu kubwa ya Meatu mito yake haitiririki wakati wa kiangazi. Unaona mchanga mtupu, unadhani ni mahali pazuri pa kujisaidia au kuoshea vyombo, kwa kuwa pamejificha na ni laini. Kumbe watu wanafukua mchanga uleule kupata maji ya kunywa, na mifugo inanyweshwa hapohapo. Malambo nayo yanapokea kila kinachosombwa na mvua ya kwanza ya Novemba: vinyesi, pampasi, vizibo, betri. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kiliripotiwa mkoani Simiyu, na ugonjwa huo husafiri kwa njia hiyohiyo, kutoka kinyesi hadi kwenye maji ya kunywa.

La tatu ni nyasi. Utakapopita utaona eneo lenye nyasi ndefu na miti lisilolishwa wakati kwingine kote ni vumbi. Hilo ni ngitili. Limefungwa tangu masika ili liwe akiba ya mifugo kiangazi kikikaza, na lina wenyewe hata kama halina uzio. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoanzishwa 2012, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986 na kumalizika 2004, ulitumia desturi hii ya Wasukuma kurudisha misitu katika nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa. Kichungi kimoja cha sigara mwezi wa Agosti kinaweza kuteketeza akiba ya kijiji kizima.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Taka nyepesi kuishughulikia ni ile usiyoibeba kabisa. Fungasha hivi:

1. Chombo cha maji kinachorudi nyumbani. Kibuyu kinafaa, chupa ya chuma inafaa, hata chupa ya plastiki ngumu ya lita moja unayoijaza upya. Chini ya jua la kiangazi mtazamaji ahesabu lita mbili hadi tatu kwa siku; mchezaji aongeze. Mkiwa kikundi, bebeni dumu la lita 20 lenye maji yaliyochemshwa au kutiwa vidonge vya kutibu maji, mkajaze kutoka humo. Dumu moja lililojaa linaokoa chupa ndogo 40 za nusu lita.

2. Chakula kisicho na karatasi ya kiwandani. Hapa Msukuma hana haja ya kufundishwa na mtu. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vilikuwa chakula cha safari kabla biskuti haijafika dukani: haviozi njiani, havihitaji jokofu, vinakaa kwenye mfuko wa kitambaa. Ongeza karanga za kukaanga na mahindi ya kuchoma.

3. Sahani, kikombe na kijiko chako. Sahani ya bati au ya melamini ndiyo inayofaa. Mama lishe atakupakulia humo bila kinyongo, maana unampunguzia gharama ya kifungashio.

4. Mifuko miwili ya kitambaa au ya katani: mmoja wa vitu vyako, mwingine wa taka zako. Huu wa pili ndio watu husahau.

5. Tochi ya sola, au simu iliyochajiwa hadi mwisho. Ukilazimika kutumia betri za kutupa, zirudi nawe. Dawa zilizomo ndani ni sumu kwa udongo na maji.

6. Kama una mtoto mchanga, nepi za kitambaa na ndoo yenye kifuniko. Pampasi iliyotupwa kichakani hufukuliwa na mbwa usiku uleule. Ukiona lazima uzitumie, zihesabu wakati wa kwenda na uzihesabu wakati wa kurudi.

7. Kwa wanawake wanaotarajia siku zao: taulo za kitambaa, au za dukani pamoja na kifuko cha kitambaa cheusi cha kurudishia zilizotumika. Usizitumbukize kwenye choo cha shimo cha watu.

SHERIA KWA UFUPI
Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea, ile tuliyozoea kuiita rambo, imepigwa marufuku Tanzania Bara. Anayekutwa akiimiliki au kuitumia anaweza kutozwa faini ya Sh 30,000 hadi Sh 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Zanzibar ilitangulia, ikapiga marufuku 2006. Kenya ilifuata Agosti 2017. Ukivuka mpaka kwenda kwenye tamasha la jirani, kagua begi lako kwanza.
Chupa za maji hazikuguswa na marufuku hiyo. Kwa hiyo chupa ndiyo taka inayobaki mikononi mwako, na hakuna askari atakayekuuliza juu yake.

SAFARI YENYEWE

Taarifa ya mwaka 2015 kuhusu matamasha ya Uingereza ilikadiria kuwa takriban asilimia 80 ya hewa ya ukaa inayosababishwa na matamasha hayo inatokana na safari za watazamaji, si taa wala maspika. Kwetu mizani ni tofauti kwa sababu wengi wanatembea kwa miguu, lakini kanuni ni ileile: jinsi unavyofika ni jambo kubwa kuliko mambo mengi unayoyafanya ukishafika.

Tufanye hesabu ya safari moja. Kutoka Lamadi hadi Bariadi ni lami ya kilomita 72 hivi. Lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, lita ya petroli kilo 2.3. Ulaji wa mafuta hapa chini ni makisio ya kawaida, utarekebisha kwa chombo chako:

- Land Cruiser ya dizeli, mtu mmoja ndani, lita moja kwa kilomita 8: lita 9, kilo 24 za hewa ya ukaa kwa mtu huyo.
- Bodaboda, abiria mmoja, lita moja kwa kilomita 40: lita 1.8, kilo 4 hivi.
- Coaster ya dizeli yenye abiria 25, lita moja kwa kilomita 6: lita 12, kilo 32 kwa gari zima, yaani kilo 1.3 kwa kila mmoja.
- Baiskeli: sifuri.

Kwa hiyo changeni nauli, mkodishe gari moja, mlijaze viti vyake. Msilijaze kupita viti, na msibebane mshikaki kwenye pikipiki kwa kisingizio cha kutunza mazingira. Kwa umbali mfupi wa kutoka kijiji hadi kijiji, baiskeli haina mpinzani, na hii ni nchi ya waendesha baiskeli hodari. Nendeni kwa makundi, mtoke mapema kabla jua halijakaza, na mtu wa mwisho awe na taa nyekundu nyuma wakati wa kurudi.

Ukiegesha, egesha pembeni mwa barabara au pale mwandaaji alipoonyesha. Usikate kona kupita shambani kwa kuwa mazao yameshavunwa. Mabua yaliyosimama ni chakula cha mifugo, na njia moja ya matairi hugeuka korongo mvua zikianza.

Kwa wanaokwenda mbali: mtu wa Bukundi anayeitamani Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar 2004 na hufanyika Februari, ana njia isiyo ya ndege. Barabara ya daraja la Sibiti inampeleka Singida na kisha Dodoma, na tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inatoka Dodoma hadi Dar es Salaam. Halafu boti. Inachukua muda zaidi, ila uchafuzi wake ni mdogo sana ukilinganisha na ndege ya kutoka Mwanza, na fedha inayobaki itakulipia malazi.

UKIWA UWANJANI

Ukifika, usikimbilie ngoma. Tumia dakika kumi kufanya haya kwa mpangilio:

1. Uliza maji ya kijiji yanatoka wapi. Mwenyeji yeyote atakuonyesha: kisima, lambo, au mashimo ya mchangani mtoni. Kila kitu kichafu utakachokifanya siku hiyo kifanyike upande mwingine.

2. Tafuta choo kilipo kabla hujakihitaji. Kama kuna shule au zahanati jirani, omba ruhusa kwa heshima na beba maji yako. Kama hakuna choo kabisa, nenda hatua mia moja au zaidi kutoka kwenye maji yoyote na kutoka kwenye mkondo wa mto mkavu, chimba shimo la kina cha shibiri moja, fukia, na ukanawe kwa sabuni. Karatasi iingie shimoni. Kitambaa chenye plastiki hapana.

3. Chagua mahali penu pa kukaa na mtundike mfuko wa taka juu ya tawi au kwenye baiskeli, uonekane na wote. Mfuko ulio chini unakanyagwa, na usiku mbuzi anaufikia.

Baada ya hapo cheza. Ukisikia kiu na hutaki maji, nunua soda au bia ya chupa ya kioo, kunywa pale pale, rudisha chupa. Kreti inarudi kiwandani na chupa inajazwa tena. Soda ya plastiki inabaki na wewe. Maji ya kandoro, yale ya kufungwa kwenye kifuko, yaache hata kama yana baridi: kifuko chake ni chepesi, kinapeperuka, na ndicho kinachomezwa na ndama. Mtoto anayeyauza usimfokee. Mnunulie karanga badala yake, au mshauri auze togwa kwenye ndoo yenye kifuniko, akupimie kwenye kikombe chako.

Nyama choma ina gharama yake ya miti. Simiyu haina miti ya kuchezea, kwa hiyo ukipata mchomaji anayetumia jiko lililozibwa vizuri, au anayechoma nyama ya watu wengi kwa moto mmoja, mpe biashara huyo. Msiwashe moto wenu wa kikundi kwa raha tu. Kama lazima mpike, fagieni mduara wa mita mbili hadi udongo mtupu uonekane, mtumie mafiga, kuni zenu ziwe zimetoka nyumbani, na mwisho mmwagie maji hadi majivu yaweze kushikwa kwa mkono.

Neno kuhusu wanyama. Ngoma za Wagika na Wagalu zina mapambo na vituko, na wakati mwingine wachezaji huingia na chatu au ngozi za wanyama wa porini. Simiyu inapakana na hifadhi. Pori la Akiba la Maswa liko mlangoni. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kumiliki nyara bila kibali, na nyara ni pamoja na ngozi, meno, pembe, magamba na manyoya ya wanyama wa porini. Ukiuziwa kipande cha ngozi ya chui au gamba la kakakuona kama dawa au kumbukumbu, kataa. Unajiingiza jela, na unamlipa jangili aende tena. Kumbukumbu nzuri ziko nyingi: vikapu, shanga, vibuyu vilivyochorwa, kigoda cha fundi wa kijiji.

MAKOSA YANAYORUDIWA NA WATU WENYE NIA NJEMA

Kuchoma taka. Hili ndilo kubwa. Watu wanakusanya chupa na vifuko vizuri kabisa, kisha wanavitia moto na kuondoka wakiwa na amani. Moshi wa plastiki ni sumu kwa anayeuvuta, na moto wa uwanjani hauwi mkali kiasi cha kumaliza kazi. Yanabaki madonge meusi yaliyochanganyika na majani, na ng'ombe anayala kwa urahisi zaidi kuliko chupa nzima.

Kufukia taka. Mvua ya kwanza inafukua, au mbwa anatangulia.

Kumwachia mwenyeji. "Mama, hizi chupa zitakufaa." Chupa mbili tatu za lita moja na nusu zinafaa kweli kuwekea mafuta au maziwa. Chupa 60 hazimfai, ila atapokea kwa adabu, kisha tatizo linakuwa lake.

Kununua vitu vipya vya "kimazingira" kwa ajili ya siku moja. Chupa ya chuma unayoitumia mara moja na kuisahau kabatini ina madhara zaidi kuliko kikombe cha bati ulicho nacho tangu zamani. Tumia ulicho nacho.

Kuokota kuni kwenye ngitili kwa kudhani zimeanguka zenyewe na hazina mtu. Zina mtu. Dagashida, yaani baraza la jamii, linaweza kukutoza faini, na litakuwa na haki.

KAMA WEWE NDIYE KIONGOZI WA KIKUNDI

Wiki moja kabla, mpigie mwandaaji na umuulize mambo manne: maji ya kunywa yatakuwepo? Vyoo ni vingapi na viko wapi? Taka zitapelekwa wapi baada ya siku ile? Jenereta itazimwa saa ngapi? Usikubali jibu la "tutaona". Akikwama, jitolee. Watu wanne wanaweza kutengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono kwa nusu saa: dumu la lita tano, fito tatu, kamba, msumari wa kutobolea, na sabuni iliyofungwa kamba. Vitatu vya namna hiyo karibu na vyoo vinafanya kazi kubwa kuliko bango lolote la usafi.

Pangia watu wawili kazi ya taka kwa kila saa, wapokezane, na viongozi wawe wa kwanza. Manju akitangaza kwenye spika kwamba chupa zirudi kwake, zinarudi. Sauti yake inasikilizwa kuliko ya afisa mazingira, kwa hiyo mwombe mapema aingize hilo katikati ya nyimbo.

Glastonbury, tamasha kubwa la Uingereza, liliacha kuuza vinywaji vya chupa za plastiki 2019 na kuweka mabomba ya kujazia maji. Huhitaji bajeti yao. Pipa la lita 200 lenye bomba, likijazwa maji yaliyotibiwa, linatosha ngoma ya kijiji.

KABLA HAMJAPANDA GARI KURUDI

[ ] Chupa zote tulizokuja nazo zimehesabiwa, ziko ndani ya gari.
[ ] Chupa za kioo zimerudishwa kwa muuzaji.
[ ] Moto umezimwa kwa maji na umeguswa kwa mkono.
[ ] Pampasi, taulo na betri ziko kwenye ndoo yenye kifuniko.
[ ] Kamba, vizibo na vichungi vya sigara vimeokotwa. Hivi vidogo ndivyo vinavyomezwa na kuku na mbuzi.
[ ] Tumepita mduara wetu wote kwa mstari, bega kwa bega, tukirudi nyuma mara moja.
[ ] Mabaki ya chakula yametolewa kwa mwenye nguruwe au mbwa, au yamefukiwa mbali na maji.

Taka zikifika mjini, zichambue. Chupa za plastiki zina wanunuzi wanaozipima kwa kilo. Waulize wanaonunua vyuma chakavu, mara nyingi ni walewale au wanajuana. Fedha ni ndogo, lakini zinatosha kuchangia mafuta ya safari inayofuata. Makopo ya aluminiamu yana bei nzuri zaidi. Betri na taulo zilizotumika zipelekwe kwenye dampo la halmashauri, si kwenye shimo la nyumbani.

Na kama ulikokwenda hapakuwa na choo, pipa wala maji ya kunawa, usiishie kulalamika kwenye gari. Nenda kwa mtendaji wa kijiji kabla hajatoa kibali cha ngoma nyingine, umwombe aweke vitu hivyo vitatu kuwa sharti la kibali. Ofisi yake ndiyo yenye uwezo huo, na wafugaji wa pale watakuunga mkono.